Mwongozo kamili: Kuweka barabara na reli za Dar es Salaam ndani ya FlightGear

Wanaojaribu kazi hii kwenye FlightGear, simuleta ya kurusha ndege, hukwama sehemu tatu zilezile. Wa kwanza reli yake imetokea vizuri, lakini mji wote umefutika na kubaki uwanda wa rangi moja. Wa pili barabara zake ni pana kuliko njia ya kurukia ndege. Wa tatu kompyuta imefanya kazi saa nzima, haikulalamika hata mara moja, na kwenye simuleta hakuna kilichobadilika.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea kuchora. Kigae cha mandhari, yaani kipande cha mraba cha ardhi ya simuleta, ni kama mkeka uliokwisha kushonwa: huchomeki ukili mmoja katikati, unaushona upya wote. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hatua zilizobaki ni uvumilivu tu.

Nimechagua Dar es Salaam kwa sababu kigae chake kimoja kina reli za vipimo vitatu: reli ya zamani ya kati ya milimita 1,000, TAZARA ya milimita 1,067 na SGR ya milimita 1,435. Ukiziweza hizi, Mombasa au Nairobi hazitakusumbua.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- FlightGear iliyokwisha kusakinishwa na inayoruka bila tatizo.
- TerraGear, yaani mkusanyiko wa programu ndogo zinazojenga ardhi ya FlightGear. Hazina vitufe, utaandika amri.
- QGIS, programu ya kuhariri ramani, pamoja na programu-jalizi yake ya QuickOSM.
- Data ya mwinuko ya SRTM, faili `S07E039.hgt`. NASA huitoa bure, ila lazima ufungue akaunti.
- Data ya Tanzania ya OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na wachangiaji, kutoka tovuti ya Geofabrik, ile iliyo katika faili za `.shp`.
- Poligoni za nchi kavu kutoka osmdata.openstreetmap.de. Chukua zilizokatwa vipande, zenye mfumo wa koodineti 4326.
- Faili la viwanja vya ndege, `apt.dat`. Limo ndani ya FlightGear yenyewe, kwenye folda ya `Airports`, likiwa limebanwa. Lifungue.

Pakua vyote kabla ya kugusa amri yoyote. Kifurushi cha intaneti kikiisha katikati, utaanza kubahatisha ni faili lipi lilikamilika na lipi halikukamilika.

## Hatua ya 1: Tambua kigae chako

FlightGear hugawa dunia kwa digrii moja moja na huita kila mraba kwa kona yake ya kusini-magharibi. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, hapa ndipo wengi wanapopotea.

Katikati ya Dar ni latitudo -6.82 na longitudo 39.28. Mtu huona 6 akaandika `s06`. Hapana. Kona ya kusini ya mraba huo iko kwenye digrii -7, kwa hiyo kigae ni `e039s07`, nacho kinakaa ndani ya folda kubwa ya `e030s10`. Jina la faili la SRTM, `S07E039`, linafuata kanuni hiyohiyo, kwa hiyo litumie kujihakiki.

Kwa latitudo yetu, ndani ya digrii moja kuna vipande 64, kila kimoja kikiwa na moja ya nane ya digrii kwa upande, na kila kipande kina namba yake. Kinachobeba katikati ya Dar ni 3593418. Iandike pembeni, maana utaitafuta mwishoni.

Kumbuka pia kwamba kigae hiki kinafika Zanzibar. Ukijenga Dar umejenga na sehemu kubwa ya Unguja, upende usipende.

Tengeneza folda tatu: `data` (weka humo ulivyopakua), `work` na `output`. Majina yasiwe na nafasi wala herufi za ajabu, kwa sababu amri huvunjika hapo.

Dalili ya mafanikio: una folda tatu, na unaweza kusema kwa nini kigae ni `s07` bila kuangalia juu.

## Hatua ya 2: Andaa mwinuko

```
hgtchop 3 data/S07E039.hgt work/SRTM-3
terrafit work/SRTM-3 -e 5
```

Amri ya kwanza inakata data katika vipande. Namba 3 ni usahihi wa sekunde tatu za tao, yaani nukta moja kila mita 90 hivi. Ukiwa umepakua data ya sekunde moja, andika 1 badala yake.

Amri ya pili inachagua nukta zinazofaa kujenga wavu wa ardhi. Hiyo `-e 5` inaruhusu kosa la mita tano. Usikimbilie kuishusha hadi 1 ukidhani utapata uzuri zaidi. Dar ni tambarare, na barabara hulala juu ya wavu huu, kwa hiyo kila mkwaruzo wa data utauona kama tuta barabarani.

Dalili ya mafanikio: ndani ya `work/SRTM-3` kuna folda ya `e030s10/e039s07` yenye faili za `.arr.gz` na `.fit.gz`. Ukiona za aina moja tu, amri ya pili haikufanya kazi.

## Hatua ya 3: Viwanja vya ndege

Usiiruke hata kama shida yako ni reli tu. Ukijenga ardhi bila viwanja, Julius Nyerere (HTDA) na Abeid Amani Karume (HTZA) havitakuwemo kwenye kigae chako kipya.

```
genapts850 --input=data/apt.dat --work=work --dem-path=SRTM-3 --min-lon=39.01 --max-lon=39.99 --min-lat=-6.99 --max-lat=-6.01
```

Nimeweka 39.01 badala ya 39 ili programu isiguse kigae cha jirani ambacho hukukiandalia data.

Dalili ya mafanikio: folda mbili mpya ndani ya `work`, yaani `AirportArea` na `AirportObj`.

## Hatua ya 4: Nchi kavu, maji na mji

Hii ndiyo hatua anayoiruka yule ambaye mji wake hufutika. Kigae kipya kinachukua nafasi ya kile cha zamani chote, pamoja na rangi za mji, misitu na mabwawa. Usichokiweka hakitakuwepo.

Fungua QGIS. Kata poligoni za nchi kavu, kisha tabaka za Geofabrik za matumizi ya ardhi na za maji, kwa mraba wa longitudo 38.95 hadi 40.05 na latitudo -7.05 hadi -5.95. Hiyo ziada ya nje ni ya makusudi: ukikata sawasawa na mpaka, utaacha ufa unaoonekana ukiwa hewani. Kwenye matumizi ya ardhi, chuja sehemu za makazi, biashara na viwanda uzihifadhi kama tabaka la mji. Misitu ihifadhi peke yake. Kila tabaka liwe na folda yake ndani ya `data`: `nchikavu`, `mji`, `msitu` na `maji`.

Kisha:

```
ogr-decode --area-type Default work/Default data/nchikavu
ogr-decode --area-type Urban work/Mji data/mji
ogr-decode --area-type EvergreenForest work/Msitu data/msitu
ogr-decode --area-type Lake work/Maji data/maji
```

Majina yanayofuata `--area-type` si ya kubuni. Fungua faili la `default_priorities.txt` linalokuja na TerraGear na utumie yaliyomo humo tu, kwa herufi kubwa na ndogo zilezile. Mpangilio wa faili hilo ndio unaoamua nani anamkata nani: barabara hukata msitu, uwanja wa ndege hukata barabara.

Dalili ya mafanikio: kila folda mpya ina `e030s10/e039s07` ndani yake. Folda tupu maana yake njia ya faili imeandikwa vibaya, au tabaka lina mfumo wa koodineti usiotambulika.

## Hatua ya 5: Barabara

Tenga muda hapa. Uzuri wa kazi yote unapatikana kwenye QGIS, kabla ya amri yoyote.

Chuja kwanza. Fungua tabaka la `gis_osm_roads_free_1`. Lina kila kitu, hadi vichochoro vya Manzese na njia za miguu. Ukiingiza vyote, ujenzi unaweza kuchukua usiku mzima na kisha kuanguka. Chagua hivi:

```
"fclass" IN ('motorway','trunk','primary') AND "tunnel" = 'F'
```

Hizo zihifadhi kama `barabara_kuu`. Rudia kwa `secondary` na `tertiary`, uziite `barabara_ndogo`. Za mitaani ziache. Ukiwa futi 2,000, rangi ya mji inatosha kuzibeba, na macho hayatazidai.

Punguza nukta. Hamisha tabaka kwenda mfumo wa EPSG:32737, ambao hupima kwa mita na ndio wa ukanda wetu, kisha tumia zana ya Simplify kwa mita 2. Wachora ramani huweka nukta nyingi kwenye kila kona. Kila nukta ya ziada huzaa pembetatu nyembamba ardhini, na hizo ndizo zinazoiangusha `tg-construct`, amri ya kujenga ya hatua ya 8. Ukimaliza, rudisha tabaka kwenye EPSG:4326.

Upana. Hapa ndipo barabara zinapogeuka viwanja vya mpira. Mtu husikia Morogoro Road ni pana, anaweka mita 25. Anachosahau ni kwamba kwenye OpenStreetMap barabara ya njia mbili huchorwa kwa mistari miwili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi, na njia ya mwendokasi ina mistari yake katikati. Kila mstari ukipewa mita 25 vinaungana vyote, na unapata lami ambayo Airbus ingetua bila wasiwasi.

Vipimo ninavyovipendekeza, kwa kila mstari:

- barabara kuu: mita 9
- barabara ndogo: mita 7
- reli ya SGR: mita 7
- reli ya kati na TAZARA: mita 5

Kuna hila ya kuvijaribu kabla ya kujenga. Kwenye mtindo wa tabaka la QGIS, badili kizio cha unene wa mstari kiwe Meters at Scale, weka 9, halafu isogelee Ubungo. Ukiona kijia cha udongo kati ya mistari miwili, hata kwenye simuleta utakiona. Ukiona imegusana, punguza.

```
ogr-decode --line-width 9 --texture-lines --area-type Freeway work/BarabaraKuu data/barabara_kuu
ogr-decode --line-width 7 --texture-lines --area-type Road work/BarabaraNdogo data/barabara_ndogo
```

Bila `--texture-lines`, picha ya lami haitafuata mwelekeo wa barabara. Mistari ya katikati itaikata barabara kimshazari, na utadhani umeharibu kitu kingine kabisa.

Dalili ya mafanikio: amri inamalizika kwa dakika chache. Ikizidi nusu saa kwa kigae kimoja, rudi ukachuje zaidi.

## Hatua ya 6: Reli

Tabaka la reli la Geofabrik halina safu ya upana wa reli, kwa hiyo huwezi kutenganisha SGR na ya zamani. Hapa tumia QuickOSM: ufunguo `railway`, thamani `rail`, kwa eneo lilelile ulilokatia. Pakiwa na njia iliyowekwa alama ya `narrow_gauge`, rudia kwa thamani hiyo pia. Utapata safu ya `gauge` na ya `service`.

Chuja kwanza `"service" IS NULL`. Hilo linaondoa njia za karakana na za kupangia mabehewa, ambazo kwenye stesheni za mjini zimebanana kiasi kwamba zikipewa upana zinakuwa doa moja jeusi. Ukitaka stesheni ionekane ina njia kadhaa, rudisha mbili tatu kwa mkono.

Kisha gawa: `gauge` ya 1435 iwe tabaka moja, ya 1000 na 1067 iwe jingine. Angalia pia mistari isiyo na `gauge` yoyote. Kwa kawaida ni vipande vifupi ambavyo mchoraji alivisahau, na usipovigawa mwenyewe reli itakuwa na mapengo.

```
ogr-decode --line-width 7 --texture-lines --area-type Railroad work/RelisGR data/reli_sgr
ogr-decode --line-width 5 --texture-lines --area-type Railroad work/ReliZamani data/reli_zamani
```

Majina ya folda ni yako, aina ya eneo ni moja.

Kipande kikikosekana kwenye OpenStreetMap, kichore huko kwa JOSM, programu ya kuhariri ramani hiyo, ili na wengine wakifaidi. Usikichore kwa kufuatisha Google Maps. Leseni yake hairuhusu, na wachangiaji wengine watakifuta.

Onyo: SGR ya kwenda Morogoro inatoka kwenye kigae hiki kabla ya kufika usawa wa Kibaha. Treni ya macho yako itaishia porini mpaka ujenge na `e038s07`, kisha `e037s07` kwa ajili ya Morogoro yenyewe.

## Hatua ya 7: Madaraja

TerraGear haijui daraja. Kila mstari unalazwa chini, hata juu ya bahari. Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni na lile la Tanzanite vitatokea kama utepe wa lami unaoelea usawa wa maji.

Vipande vinavyovuka maji vifute kwenye QGIS kabla ya hatua ya 5 (safu ya `bridge` ina `T`), kisha ukitaka weka modeli ya 3D kwa kutumia chombo cha UFO kilichomo FlightGear, ambacho hukuonyesha mahali na mwelekeo sahihi. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Barabara za juu za nchi kavu, kama ya Mfugale pale TAZARA au Kijazi pale Ubungo, ziache. Mistari itakatana chini kwa chini, na kutoka angani hakuna atakayekushitaki. Vivyo hivyo kwa kipande cha SGR kinachopita juu ya nguzo katikati ya jiji.

## Hatua ya 8: Jenga

```
tg-construct --work-dir=work --output-dir=output/Terrain --priorities=default_priorities.txt --min-lon=39.01 --max-lon=39.99 --min-lat=-6.99 --max-lat=-6.01 SRTM-3 AirportArea AirportObj Default Mji Msitu Maji BarabaraKuu BarabaraNdogo RelisGR ReliZamani
```

Orodha ya mwisho ni majina ya folda zilizo ndani ya `work`. Folda usiyoitaja haiingii, na programu haitakukumbusha. Isome mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ushauri wangu: mara ya kwanza jenga na `SRTM-3 AirportArea AirportObj Default BarabaraKuu` tu. Ikikubali, ongeza tabaka moja moja. Ukiingiza yote kwa pamoja na ikaanguka, hutajua mkosaji ni nani.

Dalili ya mafanikio: ndani ya `output/Terrain/e030s10/e039s07` kuna faili `3593418.btg.gz` na `3593418.stg`. Ile namba uliyoiandika pembeni.

## Hatua ya 9: Ruka ukakague

```
fgfs --aircraft=ufo --airport=HTDA --timeofday=noon --disable-terrasync --fg-scenery=/njia/yako/output
```

Angalia njia inaishia `output`, siyo `output/Terrain`. FlightGear huitafuta `Terrain` yenyewe. Ukiipeleka moja kwa moja ndani yake, haitaona kitu na haitasema lolote. Yule wa tatu, ambaye hakuna kilichobadilika, mara nyingi kosa lake ni hili.

TerraSync, inayopakua mandhari yenyewe unaporuka, nimeizima kwa ajili ya ukaguzi tu, ili usije ukasifia ardhi ya kupakuliwa ukidhani ni yako. Ukiridhika iwashe tena, na folda yako iweke juu ya nyingine kwenye orodha ya mandhari, kwa kuwa ya juu ndiyo inayosomwa kwanza.

Panda hadi futi 1,500 juu ya uwanja, fuata Nyerere Road kuelekea mjini. Unapaswa kuona mistari miwili ya lami yenye nafasi katikati, reli karibu na stesheni ya TAZARA, na kule mbele SGR na reli ya zamani zikiingia katikati ya jiji kila moja kwa njia yake.

Ukiona tofauti:

- Majengo yanaelea au yamezama. Yaliwekwa kwa mwinuko wa ardhi ya zamani. Wavu wako umepanda au umeshuka kidogo. Punguza `-e` kwenye hatua ya 2 kisha ujenge upya.
- Reli inapanda na kushuka kwenye vilima vya Pugu. Reli halisi imechimbiwa na kujaziwa udongo, data ya mita 90 haioni hilo. Tumia ya sekunde moja, itapungua, haitaisha.
- Eneo zima limekosa picha. Jina la `--area-type` limeandikwa vibaya. Kosa limeandikwa kwenye dirisha la amri.
- Barabara imekatwa karibu na uwanja wa ndege. Si kosa. Eneo la uwanja lina kipaumbele.

Kuna njia nyingine iitwayo osm2city, inayoweka barabara, reli na majengo kama vitu vinavyosimama juu ya ardhi badala ya kuvikata ndani yake. Inaleta sura ya mji haraka zaidi, lakini inadai hifadhidata ya PostGIS na kompyuta yenye nguvu. Kwa mashine ya kawaida ningeanza na hii ya TerraGear.

Ukitaka kuwagawia wenzako, bana folda ya `output` nzima na uweke ndani yake faili dogo linalosema kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, chini ya leseni ya ODbL. Folda ya `work` baki nayo: ukianza `e038s07` utaihitaji, ili kingo za vigae viwili zikutane bila ufa.